Saa Niliyomtajia Bwana Shauri

Mwezi uliopita tulimzika Daudi kule Dongobesh. Baada ya mazishi, wakati wanawake tunagawa makande na chai, niliwasikia wajukuu zake wakibishana chini ya turubai. Mmoja alitaka kujua ile ndege ya babu ilikuwa inatoka wapi kwenda wapi. Mwingine akatoa simu, akabonyeza, akasoma kwa sauti kwamba kutoka Arusha hadi Singida kwa njia ya anga ni kilomita mia mbili sitini na kitu, na kwamba ndege za siku hizi hazimalizi hata saa nzima. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na birika mkononi. Nilitaka kuwaambia kwamba zamani tulihesabu kwa maili, mia na sitini na kitu, na ndege ile ndogo ingetumia saa moja na dakika arobaini. Na kwamba kutoka mlima Hanang hadi Singida zinabaki dakika thelathini tu. Hesabu hiyo naijua kuliko ninavyojua umri wa wanangu. Agnesi, binti wa kwanza wa marehemu, ambaye sasa naye ni bibi mwenye mvi, alikuja akaniondolea birika mkononi akaniambia nikae, chai watagawa wengine. Nilikaa. Tangu siku ile mwaka ule umenirudia, na nimeona heri niuandike mwenyewe kabla sijaondoka na mimi.

Mimi, Zaituni, nilikuwa na miaka kumi na minane, mke wa Hamisi, mwenye duka pale Katesh. Ya kwetu Kondoa na ya harusi nayaacha. Ilikuwa enzi ya Waingereza, miaka michache baada ya vita kubwa, na Katesh ilikuwa safu moja ya maduka ya bati, baraza la wenyeji, mnada wa ng'ombe, na juu ya vyote hivyo mlima. Nyumba yetu ilikuwa na duka mbele, nyuma yake chumba chetu, kisha chumba cha mama mkwe wangu, Bi. Tatu, kisha ua na jiko. Kwenda jikoni ilikuwa lazima nipite mbele ya kitanda chake, nami nilijifunza kupita miguu mitupu, bila kugusa pazia. Ukutani mwake kulikuwa na saa ya mbao ambayo marehemu mume wake aliinunua Arusha. Ndiyo pekee iliyokuwa ikitembea mji mzima, maana ile ya barazani ilikuwa imekufa muda mrefu. Kila Ijumaa Bi. Tatu alipanda kwenye kigoda na kuijaza kwa ufunguo wake, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Hofu ya mwaka ule haikuanza na ndege. Nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba hiyo miaka miwili bila kushika mimba. Hakuna aliyenitukana. Bi. Tatu alinipa chakula sawa na wengine na alipika mchuzi wa maharage na samli ambao mpaka leo sijauonja mahali pengine. Lakini ukuta kati ya vyumba vyetu ulikuwa wa udongo usiofika kwenye dari, na mchana mmoja nilimsikia akizungumza na jirani huku wakichambua mtama. Jirani alisema, ili kunitetea, kwamba hata mti usiozaa una kivuli. Bi. Tatu akajibu taratibu kwamba kivuli hakitamchotea maji atakapozeeka. Nilikuwa nimekunja kanga, nikaikunjua nikaikunja tena. Tangu siku hiyo kila lori lililosimama mbele ya duka nilidhani limeagizwa kunirudisha kwetu. Hamisi mwenyewe alikuwa mtu mpole, ila hakukaa nyumbani. Alikuwa na kazi ya kwenda Arusha kuleta bidhaa, safari ya siku mbili wakati wa kiangazi na wiki nzima wakati wa masika, na kila aliporudi nilimtazama usoni nione kama ameshauriwa jambo.

Samli ile ya Bi. Tatu ililetwa na mama mmoja wa Kibarbaig, tukimwita Mama Gidamis. Sisi wa mjini tuliwaita watu wake Wamang'ati, jina wasilolipenda. Alivaa sketi ya ngozi na bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, na Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache yasiyopotea njia. Siku moja alinitazama tumboni, akatazama mlango wa ndani, akasema kwa sauti ya chini kwamba dawa ipo, niende kwake. Boma lake lilikuwa juu ya Jorodom, pale mlima unapoanza kupanda, mwendo wa karibu saa nzima. Nilikwenda mara mbili kwa siri, na mara zote nilibeba sukari ya duka chini ya kanga. Kwa hiyo nilikuwa na makosa matatu kwa mpigo: kutoka bila ruhusa, kuchukua sukari, na kunywa dawa ya watu ambao Bi. Tatu aliwaamini kwa samli tu.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne ya masika. Kulikuwa na msiba kwa jirani, na Bi. Tatu alikwenda kushinda matangani toka asubuhi, akaniachia duka. Mvua ilikuwa kubwa, wateja hakuna. Nilifunga mlango, nikapanda. Mlima ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka chini kwenye msitu, huwezi kujua kama upo. Nilikuwa nimekaa kwa Mama Gidamis na bakuli la dawa mkononi, chungu kama nyongo, tuliposikia mlio. Tulitoka mlangoni. Mvua ilikuwa imepungua. Ndege ilitokea chini kabisa ya wingu, tumbo lake jeupe, karibu kiasi kwamba nilidhani inataka kutua kwenye zizi. Iligeuka ghafla, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma, ikaingia tena ndani ya wingu kwa upande wa mlima. Mlio ukaendelea kidogo. Kisha tukasikia kishindo, si kikubwa, kama gunia la chumvi linapoangushwa sakafuni, na baada ya hapo hakuna kitu. Ng'ombe waliokuwa wameinua vichwa wakarudi kula.

Mama Gidamis aliniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia.

"Hujasikia," aliniambia. "Na mimi sijasikia. Wewe hukuja hapa."

Sikumwuliza kwa nini. Nilifikiri ananihurumia mimi. Nilimaliza dawa kwa mikupuo mitatu, nikateremka nikikimbia kwenye tope, na nilipoingia ndani saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Nilifungua duka, nikaosha miguu, nikatundika kanga iliyolowa nyuma ya mlango ili isionekane. Bi. Tatu alirudi adhuhuri. Alisema matangani kuna mtu alisikia mlio wa ndege, mwingine akabisha kwamba ni ngurumo. Nilimwambia chakula kipo tayari.

Kesho yake alasiri alikuja Bwana Shauri kutoka Mbulu, gari lake limepakwa tope mpaka kwenye vioo. Hivyo ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya, Mwingereza kijana, siku hiyo hakuwa amenyoa ndevu. Alikuwa na karani wake. Walikuwa wanauliza duka kwa duka. Ndege ndogo ilikuwa imeondoka Arusha Jumanne saa tatu asubuhi kwenda Singida, na haikufika. Ndani alikuwemo rubani, Mzungu, na mganga msaidizi mmoja wa Mbulu aitwaye Daudi, aliyekuwa anapeleka dawa za homa ya uti wa mgongo. Watu wengi walisema wamesikia kitu. Lakini saa ngapi, na kilielekea wapi, kila mtu alisema lake, maana jua halikuonekana siku hiyo na mvua ilikuwa inapiga mabati. Hapo Bi. Tatu alijitokeza mlangoni, akasema kwa fahari kwamba nyumbani kwake ipo saa, na mke wa mwanawe alishinda hapo hapo dukani siku nzima. Akaniita.

Nimewahi kuogopa simba mara moja, na nimewahi kuogopa uzazi. Hakuna hofu iliyonishika kama ile ya kusimama nyuma ya kaunta ya mume wangu, macho ya Bi. Tatu yakiwa shavuni mwangu. Kama ningesema sikusikia, ningeulizwa nilikuwa wapi hata nisisikie. Kama ningesema saa ya kweli, pengine kuna mtu aliona duka limefungwa saa hiyo. Nilitafuta saa ambayo nilikuwa ndani kwa hakika na mlango ukiwa wazi.

"Saa tano na nusu," nilisema. "Ilipita juu ya nyumba, ikaenda upande wa Singida."

Bwana Shauri alitandaza ramani kwenye kaunta, akaibana kwa mawe ya mzani wetu. Alizungumza na karani, na karani, mtu wa heshima aliyependa kufundisha, akatueleza wote. Ndege hii inakwenda maili mia kwa saa moja. Kutoka Arusha hadi mlima wetu ni saa moja na dakika kumi, kwa hiyo ilitakiwa ifike hapa saa nne na dakika kumi. Ikiwa imepita saa tano na nusu, maana yake ilipotea kwanza kwenye mawingu, ikazunguka zaidi ya saa nzima, kisha ikaona njia. Basi mlima ilishauvuka. Kutoka hapa Singida ni dakika thelathini, na ndani ya hizo thelathini ndimo ilimoishiwa mafuta. Wakati karani anasema, Bwana Shauri alikuwa ameweka kidole chake juu ya mlima Hanang. Nilikitazama kile kidole. Kiliondoka mlimani, kikateremka tambarare, kikapita Getanuwas, kikasimama karibu na Singida. Alinishukuru. Bi. Tatu siku hiyo aliniwekea kipande kikubwa cha nyama, nami nilikitafuna kwa muda mrefu kisimezeke.

Nilijiambia kwamba wamekufa. Kishindo kile hakiachi mtu, na maiti haina haraka. Nililala na neno hilo na kuamka nalo. Alhamisi asubuhi tulisikia ndege nyingine, mbali sana upande wa magharibi, ikienda na kurudi. Karani alisema imeletwa Singida kwa ajili ya kutafuta. Alasiri lori kutoka Dongobesh lilimteremsha mwanamke mrefu wa Kiiraqw mwenye mtoto mchanga mgongoni. Alisimama mbele ya duka, akamsalimu Bi. Tatu shikamoo, akauliza kama hapa ndipo alipo dada aliyesikia ndege. Alikuwa Paskalina, mke wa Daudi. Hakuwa na ndugu Katesh. Bi. Tatu hakufikiri mara mbili; alimwingiza ndani, akaagiza uji, akasema atalala chumbani kwangu kwa kuwa Hamisi yuko safarini.

Chumba chetu kilikuwa kidogo, kitanda kimoja cha kamba, sanduku langu, dirisha moja linalotazama mlima. Tulilala mtoto katikati. Ndiye huyu Agnesi, miezi minne wakati ule, mwenye tabia ya kushika kidole cha mtu na kutokiachia. Paskalina hakulia mbele yetu. Alisaga nasi, alipika nasi, alimsifu Bi. Tatu kwa maharage yake. Alikuwa mtu wa kanisa na alisali chini chini kwa Kiiraqw, huku Bi. Tatu akiswali chumba cha pili, na sauti zao zilikutana juu ya ule ukuta usiofika kwenye dari. Lakini kila tulipobaki wawili aliniomba nimweleze tena. Mlio ulikuwaje, ulikuwa wa kawaida au wa kukatika katika? Ilikuwa juu au chini? Nami nilimweleza. Kila mara niliongeza kitu ili apumue: kwamba ilikuwa juu sana, kwamba mlio ulikuwa mzuri, kwamba ilikwenda imenyooka. Ijumaa jioni nilimsikia akimwambia Bi. Tatu kwamba maneno yangu ndiyo yanayomfanya ameze chakula. Bi. Tatu akajibu kwamba Mungu hakuiweka saa ile ukutani bure. Nilichukua ndoo nikatoka kwenda kuchota maji.

Jumamosi asubuhi Bi. Tatu alikuwa anakamua mbuzi. Paskalina alikaa ukingoni mwa kitanda akinyonyesha, na mlima kwa mara ya kwanza wiki ile ulikuwa wazi kabisa dirishani, kijani mpaka kileleni. Aliutazama. Akaniambia bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza bei:

"Juzi uliniambia ilipita chini karibu na mabati. Jana ukasema ilikuwa juu sana. Ni ipi, mdogo wangu?"

Nilifungua mdomo ili nichague moja. Badala yake nilisikia nikisema, "Dada, sikuwa nyumbani."

Nilimwambia yote, dawa, sukari, boma, tumbo jeupe la ndege, kishindo, saa. Nilikuwa nimekaa chini sakafuni na sikuweza kuinua uso. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alimtoa mtoto kwenye ziwa, akamfuta mdomo kwa pembe ya kitambaa.

"Uliisikia ikianguka."

"Ndiyo."

"Na ulijua mimi ni mke wake tangu Alhamisi."

"Ndiyo, dada."

"Leo Jumamosi," alisema. Alimfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo. "Simama unipeleke."

Mlangoni tulikutana na Bi. Tatu na kibuyu cha maziwa. Aliuliza tunakwenda wapi. Paskalina ndiye aliyejibu, kwa adabu, kwamba mume wake yuko mlimani na Zaituni anajua njia. Bi. Tatu alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi kuanzia miguuni, taratibu, na nikaona akielewa kila kitu mpaka kanga iliyolowa nyuma ya mlango. Nilisubiri kofi. Aliweka kibuyu chini, akajifunga kanga ya pili, akasema anakwenda barazani kumtoa karani na askari. Alipita kati yetu akaenda zake kwenye tope akiwa peku.

Tulipanda. Nilikuwa nimejiandaa kuonyesha upande wa msitu na kusubiri watu wapande watafute. Lakini Mama Gidamis alikuwa amesimama nje ya boma lake kama mtu aliyetuona tangu mbali. Alimtazama Paskalina, akamtazama mtoto, akaniambia, "Umechelewa."

Nilidhani anasema kuhusu kifo. Alikuwa anasema kuhusu mguu. Wanawe walikuwa wamempata Daudi siku ya pili, chini ya miti iliyovunjika, akiwa hai, mguu umevunjika. Rubani alikuwa ameshakufa, wakamfunika kwa matawi. Daudi walimbeba mpaka kwenye kibanda cha wachunga ng'ombe karibu na korongo, na wamekuwa wakimnywesha maziwa tangu siku hiyo. Nilimwuliza kwa uchungu kwa nini hakuleta habari mjini. Alinijibu kwamba mwaka uliopita mtu mmoja aliokotwa amekufa bondeni, na askari wakaja wakachukua ng'ombe wao na wanaume wawili, ambao mmoja hajarudi. Huyu naye akifia kwenye kibanda chao, watasema wamemwua. Tangu wampate hai alikuwa ananisubiri mimi nirudi. Alijua nimesikia, na mimi nilikuwa mtu wa mjini, ningeaminika.

Harufu ilitufikia kabla ya kibanda. Daudi alikuwa amelala juu ya ngozi, uso umekauka, mguu wa kulia umevimba na kubadilika rangi kuanzia chini ya goti. Paskalina alipiga magoti, akasema naye kwa Kiiraqw, maneno mengi ya haraka, akamshusha mtoto na kumweka kifuani pake. Daudi alifumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa Kiswahili, pengine kwa sababu aliniona mimi mlangoni. Aliuliza leo siku gani. Nikamwambia Jumamosi. Alifumba macho tena, midomo ikatikisika kama anahesabu.

Karani alifika na wanaume kumi na machela ya miti. Mjumbe alitumwa na gari la mfanyabiashara mmoja kumtafuta Bwana Shauri, aliyekuwa amepiga kambi tambarare huko alikoelekezwa na kidole chake mwenyewe, na jioni alipatikana, akaagiza ile ndege ya Singida ije kumchukua Daudi. Barabara ya Babati ilikuwa imekatika kwa mafuriko. Jumapili alfajiri mji mzima ulitoka na mapanga kufyeka majani kwenye uwanda chini ya mnada, Waislamu, Wakristo na wanaume wa Kibarbaig waliosimama peke yao wakifyeka upande wao. Mimi nilifyeka mpaka viganja vikachubuka. Karani alikuwa amebeba saa ya Bi. Tatu kwa ruhusa yake, ameiweka juu ya debe. Alitutangazia kwamba ndege iliyoko Singida ikiruka itafika kwa nusu saa. Ilifika kwa nusu saa. Nilipoiona inashuka nilikaa chini kwenye majani. Siku zote zile msaada ulikuwa dakika thelathini kutoka kitandani kwangu.

Walimpakia Daudi akiwa amezimia. Paskalina alikuwa hajawahi hata kuigusa ndege, na aliiogopa. Niliona miguu yake inakataa kupanda. Alinipa mtoto nimshike, akapanda kwa mikono na magoti, kisha akageuka akanyoosha mikono. Nilimpa Agnesi. Alikuwa ameshika kidole changu, na ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja. Saa moja na dakika kumi baadaye walikuwa Arusha, mahali ambapo kwa lori na tope lile wangefika siku ya tatu au ya nne, na maiti.

Bwana Shauri aliniita barazani siku hiyo hiyo. Nilikwenda nikiwa na hakika ya kifungo. Aliniuliza kwa nini nilitaja saa ile, nikasema niliogopa. Akauliza nilimwogopa nani. Nikamtazama Bi. Tatu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu. Bi. Tatu akasimama akasema, "Alikuwa ananiogopa mimi, bwana. Andika hivyo." Aliandika, akafunga daftari, akaturuhusu. Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma. Hakunipiga, hakunifukuza, ila hakuzungumza nami mpaka mwezi wa Ramadhani ulipoandama, na nyumba yenye ukuta usiofika kwenye dari ni ndogo sana kwa ukimya wa namna ile. Hamisi aliporudi nilimweleza mwenyewe. Alikaa juu ya gunia la unga, akaniambia kwamba yeye pia alikuwa ameshakunywa dawa Arusha, mara nne, na hakuthubutu kumwambia mtu. Wanangu walikuja baadaye, watano, na sijui nimshukuru nani. Wala sikumwuliza mtu.

Habari ya mguu aliileta Hamisi safari iliyofuata. Ulikatwa juu ya goti. Daktari alisema ungefikishwa siku tatu mapema pengine ungebaki. Siku tatu; mimi sikuhitaji karani wa kunifanyia hesabu hiyo.

Miezi minne baada ya hapo Daudi aliletwa hospitali ya Mbulu awe karibu na watu wake. Nilimwomba Hamisi anichukue kwenye lori. Bi. Tatu aliweka chupa ya samli kwenye kikapu changu. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vya chuma pande zote mbili, harufu ya sabuni na uji. Paskalina alikuwa nje anafua. Aliponiona alinisalimu, akaniambia kwamba yeye alishamalizana nami siku nilipompeleka mlimani, lakini mume wake hajui saa ilitoka kwa nani. Hilo ni langu kumwambia.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Daudi alikuwa amekaa kitandani, blanketi limelala bapa pale mguu ulipotakiwa kuwa. Alinisikiliza akitazama mikono yake. Nilipomaliza alisema kwamba kule kibandani alikuwa anaisikia ile ndege ya kutafuta. Asubuhi, upepo ukitoka magharibi, aliisikia ikienda, inafifia, inarudi. Alikuwa anajiuliza ni nani amewaambia watafute kule. Alijua njia ile na muda wake, rubani alikuwa amemwonyesha kwenye ramani kabla hawajaruka, na alijua kwamba ikigeuka mara moja tu na kunyoosha, itakuwa juu yake kabla maziwa hayajapoa.

Nikamwomba anisamehe.

"Mke wangu amekusamehe," alisema. "Hilo ni lake. Mguu ni wangu. Sijui bado."

Nilisema nimeelewa, nikaweka chupa ya samli kwenye meza yake, nikageuka niondoke. Akaniita. Magongo mawili mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani mbali na kitanda chake, na mhudumu aliyetakiwa kumfundisha kuyatumia hakuwa ametokea tangu asubuhi. Akaniambia nimletee. Niliyaleta. Akaniambia nipitishe mkono nyuma ya mgongo wake na nisiogope uzito. Alikuwa mzito. Tulikwenda hatua saba mpaka mlangoni, jasho likimtiririka shingoni na kuingia kwenye mkono wangu. Pale alisimama akashusha pumzi, akatazama nje, akatazama umbali wa kurudi kitandani.

"Tena," alisema, na tukageuka.